Mkuki na Almasi: Safari Mbili za Kutafuta Hazina

Riwaya ya H. Rider Haggard iliyotoka Uingereza mwaka 1885 iliingia katika Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mfasiri wake, Frederick Johnson, ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kwa hiyo kitabu hiki ni kimojawapo cha vielelezo vya mapema vya nathari ya Kiswahili sanifu. Makala haya yanakusudia kukisoma tukiwa tumesimama ufukoni mwa Nyanza, ambako safari nyingine ya kutafuta kitu porini imesimuliwa vizazi kwa vizazi: safari ya Podho na mkuki wa Aruwa.

Kisa hiki ni mali ya Waluo wote. Kwa Waacholi na Waaluri ndugu hao huitwa Gipir na Labongo, na mambo madogo madogo hubadilika. Kwa ufupi, ndovu alivamia shamba. Podho akanyakua mkuki wa nduguye Aruwa, akamchoma, na ndovu akatoroka nao. Aruwa alikataa mkuki mwingine wowote. Podho akaingia pori hadi nchi ya ndovu, ambako bibi kizee alimkaribisha, akamwonyesha mikuki mingi, akamwacha auchague wa nduguye, kisha akampa shanga. Aliporudi, mtoto wa Aruwa alimeza ushanga mmoja. Podho naye akakataa badala. Tumbo la mtoto likapasuliwa, na ndugu wakaachana milele.

Kinachoshangaza ni jinsi visa hivi viwili vinavyokaribiana. Katika Haggard pia chanzo ni ugomvi wa ndugu wawili: Sir Henry Curtis anamtafuta mdogo wake aliyetengana naye kwa sababu ya urithi. Huko nako kuna ajuza mlinzi wa hazina, Gagool. Lakini Gagool anapondwa na mlango wa jiwe, na wageni wanatoka na almasi mifukoni. Naye ndugu aliyepotea anapatikana njiani wakati wa kurudi, kana kwamba ni nyongeza ya faida. Bibi wa ndovu hauawi wala haibiwi. Anatoa. Madhara yote yanatokea nyumbani, baada ya safari kufanikiwa, na hapo ndipo, kwa maoni yetu, msimulizi wa Kiluo anapomzidi Haggard kwa mbali. Haggard anamaliza kazi pale hazina inapopatikana. Msimulizi wetu anajua kwamba hapo ndipo pa kuanzia.

Tofauti hii yatokana na namna pori linavyotazamwa. Kwa Quatermain, pori ni nafasi kati ya ramani ya mwaka 1590 na mali. Katika Kiluo neno ni thim, nalo halina maana ya mahali pasipo mwenyewe. Mtu akitaka ushahidi wa macho na aende Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, jina ambalo hufasiriwa kuwa pori zito la kutisha: atakuta kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikilia, pengine kufikia mita 4 kwenda juu. Pori hilo lilikuwa na wajenzi, milango na mazizi. Hata ndovu wa Podho wana nchi, na nchi yao ina mwenyeji.

Nani basi atakiandika kisa hiki kwa nathari ndefu ya Kiswahili, kwa ustadi uleule aliopewa Haggard? Swali hili ni la lugha pia. Johnson alichagua mashimo badala ya machimbo, na huenda alisema kweli kuliko alivyokusudia, maana shimo ndilo libakialo mali ikishaondolewa. Mwandishi wa Podho atakabiliwa na uchaguzi mgumu zaidi juu ya yule mzee wa nchi ya ndovu. Akimwita kizee, wasomaji waliolelewa na Gagool watatarajia mchawi. Ajuza laweza kufaa kwa msimulizi, lakini si kinywani mwa Podho, aliyefika mgeni, mwenye njaa na mwenye kosa. Yeye hana budi kumwita bibi, na hadithi isubiri mpaka bibi aitikie.