Gawio la Tamima

Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, imezoeleka kusomwa kama kisa cha Maimuna: binti aliyefungiwa ndani, akatoroka, akaanguka. Usomaji huo ni wa haki, lakini unaiacha pembeni hesabu nyingine inayopita chini kwa chini kitabuni: hesabu ya mali ndoa inapovunjika.

Wake wawili wanatoka mikononi mwa Maksuudi wakiwa watupu. Mwanasururu aliingia katika ndoa na mali yake. Akadhulumiwa, kisha akatupwa. Dhuluma hiyo ina mdai, naye ni mama yake, Bi Farashuu, ambaye kisasi chake kinasukuma sehemu kubwa ya matukio. Tamima anatalikiwa baada ya uzazi wa mashaka, na hakuna anayemdaia kitu. Dai lake lingekuwa la namna nyingine: si la mali aliyokuja nayo, bali la miaka aliyoiendesha nyumba ya mkubwa huyo. Miaka hiyo haina jina, na kisicho na jina hakidaiwi.

Tofauti hii haikuzuka bure. Katika sheria ya Kiislamu, inayotawala ndoa katika ulimwengu wa riwaya hii, mali ya mke ni yake na mume hana fungu ndani yake. Mtalaka ana haki ya mahari yake na ya kitoka nyumba. Jasho la jikoni ndilo lisilo na mizani iliyo wazi, na jicho la riwaya linaishia pale pale linapoishia jicho la jamii yake.

Miaka 3 baadaye suali hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliruhusu kugawanywa kwa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mahakama ikakubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hata hivyo rufani ya Bi Hawa mwenyewe ilikataliwa. Waliofaidi kanuni hiyo ni waliomfuata.

Yawezekana kutetea kwamba ukimya juu ya Tamima ni wa makusudi, ili msomaji auone unyonge wake. Utetezi huo ungekuwa na nguvu zaidi lau Farashuu naye angenyamazishwa. Amepewa ulimi kwa kuwa hasara ya bintiye inahesabika.

Huko ughaibuni, ambako nyumba ya Unguja hujengwa kwa mishahara miwili ya London na hati ikaandikwa jina moja, wapo akina Mwanasururu. Wapo pia akina Tamima, waliolea watoto ili mshahara mmoja upatikane. Mwishoni mwa riwaya Maksuudi anaomba radhi. Radhi ni jambo kubwa, lakini si gawio.