Tutashinda au Watashindwa? Tahakiki ya Ubashiri wa Mashabiki

Tumezoea kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia. Ni mara chache tunapoyahakiki maneno yasemwayo na watu barazani siku chache kabla ya mchezo mkubwa, ingawa maneno hayo nayo yana fani na maudhui, yana msemaji na msikilizaji, na yana jambo yanalolificha pamoja na lile yanalolitamka. Katika makala hii tunakusudia kuutazama ubashiri wa mashabiki kama tunavyoutazama utanzu wowote wa fasihi simulizi. Mfano tuliouchagua ni mpambano wa raga kati ya Afrika Kusini na New Zealand. Hoja yetu ni moja: mshabiki anapobashiri matokeo ya kesho, hutueleza zaidi habari za nafsi yake ya leo, yaani yeye ni wa nani, na ni nani aliyemkubali au kumkataa.

Msomaji aweza kuuliza raga inatuhusu nini sisi, watu wa mpira wa miguu. Ni kweli kwamba mchezo huu wa watu 15 kila upande, wenye mpira wa umbo la yai, haujaenea sana kwetu. Hata hivyo, upinzani wa nchi hizi mbili ni wa zamani, na umezaa maneno mengi. Springboks wa Afrika Kusini na All Blacks wa New Zealand walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1921 huko New Zealand. Kila upande ulishinda mchezo mmoja, na mchezo wa tatu ukaisha bila yeyote kupata hata pointi moja. Tangu siku hizo swali la nani bora halijapata jibu la kudumu. Aidha, upinzani huo uliwahi kuigusa Tanzania yenyewe, kama tutakavyoeleza.

Aina ya kwanza ya ubashiri ni ubashiri wa hesabu. Mwenye kubashiri hivi huanza na kumbukumbu: nani alishinda mara ya mwisho, nani ni majeruhi, uwanja ni wa nani. Anauheshimu ushahidi, na kwa hilo twamsifu. Lakini hesabu zake zina mpaka. Mwezi Septemba 2017, huko Albany karibu na Auckland, New Zealand iliishinda Afrika Kusini kwa pointi 57 kwa 0. Mwenye hesabu angeweza kuapa kuwa pengo hilo halitazibika kwa miaka mingi. Majuma matatu baadaye, mjini Cape Town, New Zealand ilishinda tena, lakini kwa pointi 25 kwa 24 tu. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ilikwenda Wellington ikashinda 36 kwa 34. Kadhalika, tarehe 6 Septemba 2025 New Zealand ilishinda 24 kwa 17 katika uwanja wa Eden Park, ambako haikuwa imeshindwa tangu mwaka 1994. Siku saba baadaye, mjini Wellington, Afrika Kusini ilishinda 43 kwa 10, na All Blacks hawakuwa wamewahi kushindwa kwa tofauti kubwa kiasi hicho. Takwimu ni shahidi mwaminifu wa jana, lakini shahidi wa jana hawezi kuulizwa habari za kesho.

Aina ya pili ni ubashiri wa majigambo. Huyu hahitaji kumbukumbu. Atasema kuwa mpinzani atalia, kwamba atarudi kwao amebeba viatu mkononi, kwamba ni heri asije kabisa. Fani yake ni chumvi, kejeli na vijembe, na mara nyingine lugha yake ni tamu kweli kweli. Lakini walimu wa fasihi simulizi wanajua kuwa majigambo yana masharti. Mwenye kujigamba husimama mbele ya watu, hutaja matendo aliyotenda au anayoapa kuyatenda, na mwili wake ndio dhamana ya maneno yake. Haka, ngoma ya Wamaori ambayo wachezaji wa New Zealand huicheza kabla ya mchezo kuanza, ni ya ukoo huo huo. Aichezaye humkabili mpinzani uso kwa uso, na baada ya dakika chache ataingia uwanjani mwenyewe kulipa deni la maneno yake. Haka haitaji pointi. Mshabiki anayeazima sauti hiyo bila dhamana yoyote akumbuke kuwa ngoma ivumayo haikawii kupasuka.

Aina ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, nasi tutaiita ubashiri wa kiambishi. Kiswahili hakimruhusu mtu kubashiri bila kusema yuko wapi. Kila kitenzi kinadai nafsi: tutashinda, mtashinda, watashinda. Katika kitabu cha sarufi hizo ni silabi tu. Katika kinywa cha mshabiki ni cheti cha uraia.

Natuiangalie Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi. Springboks ilikuwa timu ya Wazungu. Katika uwanja wa Newlands, mjini Cape Town, watu wasiokuwa Wazungu walitengewa sehemu yao ya kutazamia, na kutoka huko wengi wao waliwashangilia All Blacks. Wafungwa wa kisiasa katika kisiwa cha Robben nao waliwatakia Springboks kushindwa, awe nani mpinzani wao. Watu hao hawakusema Kiswahili, lakini tukiyafasiri maneno yao katika lugha yetu hatuna neno jingine la kuwapa ila hili: watashindwa. Mhakiki wa juu juu atasema kwamba hawakuipenda nchi yao. La hasha. Waliipenda kiasi cha kukataa kuikabidhi jina lake kwa timu iliyowafungia mlango.

Upande wa pili nao haukuwa safi. Katika ziara za mwaka 1928, 1949 na 1960, New Zealand ilikwenda Afrika Kusini bila wachezaji wa Kimaori, ili kuwaridhisha wenyeji. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa kuingia kwa cheo cha ajabu, cha kuhesabiwa kuwa Wazungu wa heshima. Yafaa tujiulize: Mmaori aliyeachwa nyumbani kwa sababu ya rangi yake, alipotakiwa kubashiri, alitumia kiambishi gani?

Hapo ndipo habari hii inapofika kwetu. Mwaka 1976, majuma machache tu baada ya wanafunzi kupigwa risasi huko Soweto, All Blacks walikuwa wakicheza Afrika Kusini. Nchi za Kiafrika zilidai New Zealand iondolewe katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Dai hilo lilikataliwa, na zaidi ya nchi 20, Tanzania ikiwa miongoni mwao, hazikushiriki. Wakati huo wapenzi wa riadha duniani walikuwa wakibashiri mpambano mwingine, wa mbio za mita 1500, kati ya Filbert Bayi wetu na John Walker wa New Zealand. Mwaka 1974 mjini Christchurch, Bayi alikuwa amemshinda Walker katika mbio hizo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1975 Bayi aliweka rekodi ya maili moja, na miezi michache baadaye Walker akaivunja. Huko Montreal Walker alitwaa medali ya dhahabu, Bayi hakukimbia. Ubashiri wote uliosemwa juu ya mbio zile haukupata jibu, wala hautalipata.

Katika ziara ile ya raga, Springboks walishinda michezo 3 kati ya 4. Aliyebashiri kuwa watashindwa alikosea kwa hesabu, lakini kwa haki hakukosea. Nayo Tanzania, kwa kukaa nje, ilitoa kauli yake juu ya mpambano ambao haikuwa na timu ndani yake, na ikailipia kauli hiyo kwa medali ambayo huenda ingekuwa yake.

Tarehe 24 Juni 1995 timu hizi zilikutana katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Johannesburg. Rais Nelson Mandela, ambaye naye aliwahi kuwa mfungwa wa kisiwa cha Robben, aliingia uwanjani amevaa jezi ya Springboks yenye namba 6, namba ya nahodha Francois Pienaar. Afrika Kusini ilishinda 15 kwa 12 baada ya muda wa nyongeza. Wengi wamelisifu tendo lile kwa hekima ya kisiasa. Sisi twaliona pia kuwa ni tendo la lugha: mzee yule alikibadili kiambishi mbele ya macho ya dunia. Lakini tusisahau kwamba siku ile neno liliyatangulia matendo, kwa kuwa katika kikosi kilichocheza, mchezaji asiyekuwa Mzungu alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Ilichukua miaka mingi kwa matendo kulifikia neno. Mwaka 2018 Siya Kolisi akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu hiyo katika michezo ya kimataifa. Aliiongoza kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2019, na tena mwaka 2023 kwa kuishinda New Zealand 12 kwa 11 nchini Ufaransa. Kijana mweusi wa Cape Town asemaye leo kuwa tutashinda, atumia neno ambalo wazee wake hawakuwa nalo.

Hatuna budi kutaja aina moja zaidi, ambayo imeenea sana siku hizi hapa kwetu. Neno kubashiri limetekwa na michezo ya kubahatisha. Kijana akisema amebashiri, maana yake ameweka fedha. Hata mkeka, ambao mama zetu waliusuka ili mgeni apate pa kukaa, umegeuzwa kuwa jina la orodha ya mechi, na mkeka huo huchanika kila mwisho wa juma. Hoja yetu hapa si hasara ya fedha peke yake. Mwenye mkeka yuko tayari kubashiri kushindwa kwa timu ya nyumbani kwake iwapo kuna faida. Wafungwa wa Robben nao waliitakia timu ya nchi yao kushindwa. Lakini wao walikitoa kiambishi kwa dhamiri. Huyu amekitoa kwa bei.

Wapo watakaosema kuwa tumelitwika jambo la mchezo mzigo usiokuwa wake. Tunakiri kuwa mabishano ya mashabiki ni furaha, ni ndugu wa utani, na hatuna nia ya kuyanyamazisha. Tunachoomba ni kwamba yasikilizwe kwa masikio ya mhakiki. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwataka wanafunzi wake waandike ubashiri wao kabla ya mchezo wa timu ya taifa, au wa Simba na Yanga, kisha wapige mstari chini ya kila kiambishi cha nafsi. Baada ya hapo wajibu maswali matatu: ni nani waliomo ndani ya tu- hii, ni nani walioachwa nje, na msemaji yuko tayari kulipa nini kwa ajili yake? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo kwa uaminifu atakuwa amejifunza sarufi, fasihi na uraia katika kipindi kimoja, hata kama ubashiri wake wa mabao utakwenda kombo.