Mbwa Asiyejua Kuficha Woga

Katuni ya Scooby-Doo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 13 Septemba 1969, na mbwa wake bado hajastaafu. Wengi wa rika lake wamebaki katika kumbukumbu za watu wenye mvi. Yeye angali anatetemeka mbele ya watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kutetemeka. Kwa nini amedumu? Jibu la haraka ni kwamba watoto wanapenda mbwa. Ukilileta jibu hilo pwani kwetu linakwama, maana nyumba nyingi za Kiislamu hazifugi mbwa, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo watoto wa nyumba hizo wanamfahamu kwa jina. (Mbwa wa katuni, bahati nzuri, hana mate.) Wengine watasema watoto wanapenda kutishwa. Hiyo nayo ni nusu ya jibu, kwa sababu mizuka ya kutisha haijapata kuadimika, na mingi imeshasahauliwa. Mimi naona siri iko kwenye ufundi: katika kisa ambamo karibu kila kitu kimevaa sura ya bandia, waliotunga waliweka kiwiliwili kimoja kisichoweza kusema uongo, nacho ni cha mbwa.

Mwanzoni hakukusudiwa kuwa nguzo ya kisa. Katika mawazo ya awali ya watunzi wake, Joe Ruby na Ken Spears wa studio ya Hanna-Barbera, alikuwa mpiga ngoma tu katika bendi ya vijana wapelelezi. Wakati huo wazazi wa Marekani walikuwa wakilalamikia ukatili wa katuni za Jumamosi asubuhi, na shirika la televisheni la CBS lilitaka kitu cha kupoza mambo. Lilipoletewa michoro ya kwanza, wakubwa wakaona inatisha mno. Kilichookoa kazi ile ni kumleta mbwa mbele, wala si kuifukuza mizuka. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Zimwi likisimama mbele ya mtoto peke yake ni tishio. Likisimama mbele ya mbwa mkubwa kama ndama aliyekwisha kurukia mikononi mwa rafiki yake Shaggy ni kichekesho, na zimwi lenyewe halijapunguziwa hata jino. Mbwa anaogopa kwa niaba ya mtazamaji, tena anaogopa kupita kiasi, na ile ziada inamwachia mtoto nafasi ya kucheka.

Ili woga huo uonekane, ilibidi uchorwe ndani ya maungo. Kazi hiyo aliifanya Iwao Takamoto, Mmarekani mwenye asili ya Japani ambaye alijifunza kuchora akiwa kijana katika kambi ya Manzanar, ambako serikali ya nchi yake iliwafungia watu wa asili yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alimwendea mfanyakazi wa studio aliyewajua sana mbwa aina ya Great Dane, akaelezwa sifa za mbwa wa kushinda mashindano: mgongo ulionyooka, miguu iliyonyooka, kidevu kilichokaza. Akarudi mezani akachora kinyume chake. Mgongo ukateremka, miguu ikawa matege, kidevu kikajikunja mara mbili. Wengi husimulia habari hii kama utani wa mchoraji. Mimi naiona kama hesabu. Mbwa wa mashindano ameumbwa kusimama atazamwe. Huyu ameumbwa kujikunyata na kunyatia chakula cha wenzake, na mgongo ambao tayari umeteremka hauna safari ndefu hadi chini ya meza. Ndiyo sababu lawama kwamba katuni ile ilitengenezwa kwa gharama ndogo hainisumbui sana. Ni kweli studio ilibana matumizi. Wahusika hukimbia kwenye ukumbi uleule wakipita mlango uleule tena na tena. Lakini mchoraji asiye na picha nyingi za kuchezea analazimika kuhakikisha picha moja inajitosheleza, na woga wa Scooby unasomeka kwenye picha moja hata ukizima sauti.

Msomaji wa Kiswahili ana mizani yake ya kupimia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, miaka tisa kabla ya mbwa huyu, na kisa chake nacho kinaanzia kwenye mzimu unaoogopwa na kuishia kwa binadamu wenye damu na nyama. Tofauti iko kwa mpelelezi. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, huyaficha mawazo yake mpaka mwisho; raha ya kumsoma ni kungoja akili hiyo ifunguke. Scooby hana akiba ya aina hiyo. Kufikiri ameachiwa Velma, msichana mwenye akili katika kundi lake la vijana wapelelezi. Kile tumbo lake linachokijua kinaonekana papo hapo miguuni, na kwa hiyo mtazamaji ana shahidi mmoja wa kumwamini wakati mlinzi wa makumbusho, nahodha na mchimba madini wote wanaweza kuwa wanadanganya.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, na linaonekana vizuri zaidi ukiwa Jacobs kuliko Hollywood. Jacobs ni mtaa wa viwanda kusini mwa Durban, wenye maghala ambayo mchoraji yeyote wa mizuka angeyatamani. Kilomita chache kutoka hapo, upande wa Bluff, ni King's Rest. Huko waliishi watu ambao hadi leo wanaitwa Wazanzibari: wazao wa mateka, wengi wao Wamakua, waliookolewa na manowari za Uingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kuletwa Durban kuanzia 1873. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihamishiwa Chatsworth chini ya sheria ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo kwa rangi za watu. Katika kisa kimoja cha katuni hiyo cha 1969, mzuka wa mchimba dhahabu unawafukuza watu mgodini kwa sababu kuna mafuta chini ya ardhi, na aliyejivika mzuka huo ni mtunzaji wa mahali hapo. King's Rest haikuhitaji mzuka. Waliowahamisha watu hawakuvaa kinyago. Walikuwa na muhuri, na walifanya kazi yao saa za ofisi. Basi, atauliza mtu wa kusini mwa Durban, katuni inayomfundisha mtoto kwamba ubaya ni wa mtu mmoja aliyejificha nyuma ya sura ya mpira ina faida gani kwake?

Sehemu ya pingamizi hilo naikubali. Kufunua uso hakutoshi pale ambapo uso haukufichwa. Lakini swali linaloongoza upelelezi wa Velma, yaani nani anapata nini watu wakihama, halitegemei kinyago, na mtoto aliyelizoea kwenye katuni anaweza kulibeba mpaka mbele ya muhuri. Zaidi ya hapo, pingamizi linawahusu Velma na kinyago, mbwa halimgusi. Yeye hakuwahi kudai kwamba mizuka haipo. Mwanasayansi Carl Sagan aliisifu katuni hii kwa kuwa kila ajabu huchunguzwa na kupatiwa maelezo ya kawaida, na sifa hiyo ni ya haki, ila inamsifu Velma. Ingekuwa ndiyo siri nzima, mbwa angekwisha siku watunzi walipobadilisha kanuni.

Na walibadilisha. Mwaka 1985 walileta mfululizo wenye mizuka ya kweli, na mwaka 1998 filamu ndefu ya kisiwa cha mazombi wa kweli, ambayo mashabiki wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za jina hilo. Humo Fred, kijana mwingine wa kundi hilo, anavuta kichwa cha zombi kwa mazoea, akitafuta mtu ndani, na kichwa chote kinang'oka. Scooby na Shaggy walikuwa wameshakimbia zamani.