Mtazame mkabaji: Scoot Henderson alipopokea kijiti cha Damian Lillard

Katika miezi ya baridi kule Marekani, mechi ya kikapu ya saa 1 jioni mjini Portland huanza saa 12 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi. Kwa miaka 11, shabiki wa huku aliyekatisha usingizi kwa ajili ya Trail Blazers alijua anamwamkia nani: Damian Lillard, jezi namba 0, anayevuka nusu ya uwanja na kutupa mpira kutoka mahali ambapo magadi wengine bado wanadunda tu. Septemba 27, 2023 Lillard akapelekwa Milwaukee Bucks katika mabadilishano ya timu 3. Mwezi mmoja baadaye Portland ikaanza msimu mpya na kijana wa miaka 19, Scoot Henderson, aliyechaguliwa wa 3 kwenye drafti ya Juni mwaka huo, nyuma ya Victor Wembanyama na Brandon Miller. Kijana huyo huvaa namba 00. Sifuri moja iliondoka, zikaingia mbili.

Msimu ulipokwisha, wengi walichukua karatasi na kulinganisha. Mkongwe katika msimu wake wa mwisho kabla ya kuondoka alikuwa na wastani wa pointi 32.2 na asisti 7.3. Mgeni alipata pointi 14.0 na asisti 5.4. Mkongwe alifunga asilimia 46.3 ya mitupo yake ya uwanjani, mgeni asilimia 38.5. Hukumu ikatolewa hapo hapo: hawalingani.

Kweli hawalingani. Ila hesabu hiyo inatuonyesha mavuno bila kutuonyesha shamba. Magadi hawa wanakaribiana urefu, na wote wawili walipewa mpira na kazi ile ile ya kuendesha mashambulizi. Anayetaka kujua kilichowatenganisha auache mpira kidogo, amtazame mkabaji wao: anasimama wapi, na anapita upande gani.

Skrini moja, njia mbili

Mashambulizi mengi ya NBA huanza na skrini. Mchezaji mrefu, kwa kawaida senta, anapanda juu ya mstari wa pointi 3 na kusimama kama nguzo kando ya mkabaji wa gadi. Gadi anadunda mpira akipita bega kwa bega na nguzo hiyo, na mkabaji wake anakutana na kizuizi. Hapo ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kujibana mbele ya skrini na kumfuata gadi unyounyo. Faida yake ni kwamba gadi hapati nafasi ya kutupa akiwa peke yake. Hasara ni kwamba mkabaji anabaki nyuma ya mgongo wa gadi, na kwa sekunde moja au mbili washambuliaji 2 wanakabiliwa na mtu 1 tu: senta wa timu pinzani. Akimfuata gadi, senta aliyeweka skrini anaachwa huru kuelekea kikapuni. Akibaki na senta, gadi ana njia nyeupe.

Njia ya pili ni ya mkato. Mkabaji anapita nyuma ya skrini, kati yake na kikapu, kisha anamsubiri gadi upande wa pili. Hakuna aliyeachwa nyuma, na ukuta umebaki mzima. Gharama ni moja: gadi ameachiwa nafasi ya kutupa kutoka mbali.

Kwa hiyo swali la mkabaji ni la kibiashara. Nikimwachia mtupo huu, utanigharimu kiasi gani?

Bei ya mtupo wa Lillard

Msimu wa 2022-23 Lillard alitupa mitupo ya pointi 3 zaidi ya 11 kwa kila mechi na kufunga asilimia 37.1. Zidisha mara 3, unapata pointi 1.11 kwa kila mtupo. Mtupo wa pointi 2 unaoingia nusu kwa nusu huleta pointi 1 kamili. Kumwachia Lillard nafasi, basi, ni kulipa zaidi ya bei ya soko kila anapokuja. Wakabaji walijua hivyo, wakamfuata mbele ya skrini, na mlango wa nyuma ukafunguka.

Wengi hutupa vizuri wakiwa wamesimama na kupokea pasi. Lillard alitupa akitoka kwenye mwendo. Dundo lake la mwisho lilikuwa zito, mpira ukarudi mkononi haraka, na miguu ilikuwa tayari imejipanga chini ya mabega kabla mkabaji hajajua kama gadi anaendelea au anasimama. Kutoka kiunoni hadi juu ya paji la uso mpira ulipita kwa mkupuo mmoja. Hakuhitaji kujipinda wala kutafuta mizani.

Kisha kulikuwa na umbali. Aprili 23, 2019, mechi ya 5 ya raundi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Oklahoma City Thunder, matokeo yakiwa 115 kwa 115, Lillard alidunda karibu na nembo ya katikati huku saa ikimalizika. Paul George, mmoja wa wakabaji bora wa kizazi chake, alikuwa mbele yake. Lillard akajongea hatua moja kulia na kuachia mpira kutoka futi 37, zaidi ya mita 11, wakati mstari wa pointi 3 uko mita 7.24 mbele ya kikapu. Ukaingia. Alimaliza na pointi 50, na Thunder wakaenda nyumbani. George alisema baadaye kwamba ulikuwa mtupo mbaya. Kwa gadi mwingine yeyote angekuwa sahihi, na hiyo ndiyo maana ya tukio lile: mkabaji hodari alifuata kanuni inayofaa kwa watu wote, akakutana na mtu asiyehesabiwa pamoja nao.

Tangu hapo anayemkaba Lillard ilibidi aanze kazi mita 3 au 4 mapema zaidi. Tazama kinachotokea ukimvuta mtu mmoja juu kiasi hicho: uwanja unarefuka. Senta anayesaidia ana eneo kubwa zaidi la kulinda, wa pembeni hawana uhakika wamsaidie nani, na faulo zinaongezeka. Msimu wa 2022-23 Lillard alipiga mitupo huru zaidi ya 9 kwa mechi na kufunga asilimia 91.4. Februari 26, 2023, alipowafunga Houston Rockets pointi 71, mitupo 13 ya pointi 3 iliingia na mitupo huru yote 14 pia. Watu huitaja hiyo 13. Mimi naona zile 14 zilizaliwa na 13.

Kijana na ukuta uliosimama

Sasa mweke Henderson kwenye skrini ile ile. Tuanze na mali aliyokuja nayo, kwa sababu ni nyingi. Hatua yake ya kwanza ni ya umeme. Mwili wake ni wa mtu mzima: mkabaji akimgonga ubavuni, mara nyingi anayeyumba ni mkabaji. Anaweza kusimama ghafla katikati ya mwendo na kuruka juu kwa mtupo wa umbali wa kati. Jicho lake la pasi ni zuri, hasa ile inayovuka uwanja hadi kwa mtupaji aliyejificha pembeni. Ukivipima vipaji vya mwili peke yake, kijana hakuwa na deni kwa mkongwe, na katika nguvu za kusukumana alimzidi.

Tatizo lilikuwa bei. Msimu wake wa kwanza alifunga asilimia 32.5 ya mitupo ya pointi 3, yaani pointi 0.98 kwa mtupo. Kwa mkabaji hiyo ni nafuu. Akapita nyuma ya skrini, akarudi mbele ya Henderson bila haraka, na senta wa timu pinzani akabaki chini akisubiri. Ile kasi ya umeme sasa inakimbilia wapi? Inakimbilia watu 2 waliokwisha kujipanga. Leiapu zikawa za kupindapinda, mtupo wa umbali wa kati ukawa ndio pumziko lake, na asilimia 38.5 ikazaliwa.

Pasi zikaathirika pia. Henderson alitoa asisti 5.4 na kupoteza mpira mara 3.4 kwa mechi, karibu asisti 1.6 kwa kila mpira uliopotea. Aliyezizoea mechi zake aliiona sura ile: kijana anaruka kwanza, anaamua baadaye. Akiwa hewani anakuta senta hajamfuata, mwenzake hajaachwa huru, na mpira unatua mikononi mwa adui. Lillard alikuwa na anasa ya kuamua akiwa bado chini, kwa sababu hofu ya mtupo wake ilishamwonyesha nani ameondoka kwenye nafasi yake.

Kuna pia jambo la mwendo. Henderson wa msimu ule alicheza kwa gia moja, ya juu kabisa. Mkongwe alikuwa anatembea, anakaribia kusimama, kisha anachomoka. Mkabaji aliyezoea mwendo mmoja hujipanga. Aliyebadilishiwa mwendo hujikwaa. Kasi ya kijana ilikuwa kubwa kuliko ya Lillard wa miaka 32, lakini ya Lillard ilionekana kubwa kwa sababu ilitokea pale usipoitarajia.

Mgeni kwa mgeni

Tutende haki. Kumlinganisha mtoto wa mwaka wa kwanza na mtu aliyekwisha kumpita Clyde Drexler kwa jumla ya pointi katika historia ya klabu si mizani sawa. Tumlete Lillard mgeni, wa 2012-13.

Yule alicheza mechi zote 82, akapata pointi 19.0 na asisti 6.5, akafunga asilimia 36.8 ya mitupo ya pointi 3, na akawa mgeni bora wa mwaka kwa kura zote. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Lakers, aliondoka na pointi 23 na asisti 11. Alitoa asisti zaidi ya 2 kwa kila mpira alioupoteza. Hata kwa mizani hii, Henderson aliyecheza mechi 62 yuko nyuma.

Lakini soma umri. Lillard aliingia NBA akiwa na miaka 22, baada ya miaka 4 katika chuo kikuu cha Weber State, Utah. Akiwa na miaka 19 alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika ligi ndogo ya vyuo, na makosa yake hayakuwa na kamera nyingi. Henderson makosa yale yale aliyafanya mbele ya dunia nzima.

Soma na majirani pia. Lillard mgeni alichezea skrini na LaMarcus Aldridge, mchezaji mrefu aliyeweza kurudi nyuma baada ya kuweka skrini na kufunga kutoka mbali, huku Nicolas Batum na Wesley Matthews wakingoja pembeni. Uwanja ulikuwa umefunguliwa tayari. Henderson alikuta timu iliyovunjwa ili ijengwe upya: Anfernee Simons, mtupaji bora aliyebaki, aliumia kidole gumba usiku wa kwanza wa msimu, na Henderson mwenyewe akaumia kifundo cha mguu mapema. Blazers walimaliza na ushindi 21 na vipigo 61. Hata hivyo majirani hawaondoi kosa lote: Blazers ya Lillard mgeni nayo ilishinda 33 tu na kupoteza 49, na bado wakabaji walimfuata mbele ya skrini tangu mwanzo.

Kuhusu ulinzi sitakaa sana. Mkongwe hakuwahi kusifiwa kwa kukaba, na mgeni alinaswa kwenye skrini kama wageni wengi wanavyonaswa. Tofauti ni kwamba mwili wa Henderson unampa dari ya juu zaidi upande huo. Kama kuna mahali atakapompita mtangulizi wake, ni hapo.

Hukumu

Henderson hakukosa kipaji cha kumrithi Lillard. Alikosa kitu kimoja kinachofungua vingine vyote: mtupo wa kumtisha mkabaji. Kitu hicho hufundishika kuliko kasi na kuliko nguvu. Msimu wa 2024-25 asilimia yake ya pointi 3 ilipanda hadi 35.4, ambayo ni pointi 1.06 kwa mtupo. Wastani wake wa pointi ulishuka kidogo, ukawa 12.7, na msomaji wa karatasi angesema amerudi nyuma. Mkabaji anayelipa bili hawezi kusema hivyo.

Naye mkongwe hakukaa mbali. Aprili 2025 alikatika kano ya kisigino akiwa na Bucks, wakamwachia, na Julai akasaini kurudi Portland kwa miaka 3. Mgeni na aliyempisha sasa wako chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na somo ambalo kijana anahitaji liko kwenye kabati la jirani.

Utakapoamka tena saa 12 asubuhi kuwatazama Blazers, usihesabu pointi za Henderson. Subiri skrini iwekwe, kisha iangalie miguu ya mkabaji. Ikipita nyuma, kijana bado anadaiwa. Ikipita mbele, deni limelipwa.