Kutoka Plamu hadi Mzambarau: Wapendanao wa Jinsia Moja Kama Wahusika Wakuu katika Hadithi za Kiafrika

Nia ya makala haya ni kuchunguza jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiafrika wamelipitia mbio mbio, na ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatujaligusa ila kwa mzaha: hali ya mhusika ampendaye mtu wa jinsia yake anapotolewa pembezoni mwa hadithi na kuwekwa katikati yake. Hatuulizi hapa kama mapenzi ya namna hiyo ni halali au haramu. Swali hilo lina mabaraza yake, na humu nchini lilifika mbele ya Mahakama Kuu, ambayo tarehe 24 Mei 2019 ilikataa kuvibatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyohusika. Swali letu ni la uhakiki. Kati ya hadithi zilizokwisha kuandikwa, zipi ni nzuri kama hadithi, na uzuri huo umetokana na nini?

Swali lenyewe sikulibuni. Nililetewa ofisini na mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kuandika tasnifu juu ya uhusika. Alikuwa amepekua rafu nzima za riwaya, na kila alipomkuta mtu wa namna hiyo alimkuta akichekwa, akifa, au akiwa Mzungu. Akaniuliza, “Mwalimu, hakuna hata mmoja anayeishi tu?” Nilikumbuka riwaya ya Maurice, niliyoisoma nilipokuwa masomoni Uingereza. E. M. Forster aliiandika mwaka 1913 na 1914, akaificha maisha yake yote, nayo ikachapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Sababu mojawapo ya kuificha ni kwamba alikataa katakata kuwatenganisha wapenzi wake mwishoni. Lakini kumpa mwanafunzi wangu kitabu hicho kungekuwa kumrudisha kule kule kwa Mzungu alikokwisha kuchoka. Nilimwomba wiki mbili. Makala haya yametokana na wiki hizo mbili, ambazo zilikuja kuwa miezi.

Yafaa tuanze na yale ambayo mwanafunzi aliyaona sawasawa. Mnamo mwaka 1989 Chris Dunton alichapisha katika jarida la Research in African Literatures uchunguzi wa namna waandishi wa Afrika walivyolishughulikia suala hili. Alionyesha kwamba mara nyingi mapenzi haya huletwa katika riwaya kwa ajili ya kazi moja tu, nayo ni kuwa alama ya Magharibi na ufisadi wake. Ukimsoma Joe Golder katika The Interpreters ya Wole Soyinka (1965) utaona maana ya hoja hiyo. Golder ni Mmarekani mwenye damu ya Kiafrika kidogo na hamu kubwa ya kuwa Mwafrika kamili. Hawezi kustarehe popote, na kijana Noah anaanguka ghorofani na kufa akimkimbia. Soyinka ni fundi, na Golder hakuchorwa kivivu. Hata hivyo hadithi haimhitaji Golder kwa sababu ya maisha yake. Inamhitaji kwa sababu ya jinsi wengine wanavyomwangalia. Huyo ni mhusika ishara, na mhusika ishara hawezi kuwa mhusika mkuu hata akipewa kurasa mia.

Pamoja na hayo, kanuni hii haikukosa kuvunjwa mapema. Yulisa Amadu Maddy wa Sierra Leone, katika No Past, No Present, No Future (1973), anawafuata marafiki watatu kutoka nyumbani hadi Uingereza, na mmoja wao, Joe Bengoh, anawapenda wanaume. Joe si mgeni aliyeletwa kuharibu wenyeji, na wenzake hawana ubora wowote wa kumzidi. Kwa nini riwaya hii haitajwi sana? Nadhani ni kwa kuwa haikuwafaa wahakiki wa miaka ile, ambao walitaka kila mhusika abebe msimamo.

Kazi iliyo na utata wa kutufaa zaidi ni Our Sister Killjoy ya Ama Ata Aidoo (1977). Sissie, msichana wa Ghana, anapelekwa Bavaria pamoja na vijana wengine, na huko anafanya urafiki na Marija, mke kijana aachwaye peke yake nyumbani na mumewe. Marija anamletea Sissie matunda, hasa plamu, naye msimulizi anayalinganisha matunda hayo na ujana wa Sissie mwenyewe. Sehemu nzima ya kitabu imepewa jina la plamu hizo. Usiku mmoja Marija anamgusa, Sissie anashtuka na kumpiga shavuni, Marija analia.

Wahakiki wengi wameisoma sehemu hii kwa njia nyepesi: Ulaya, iliyo tupu na yenye upweke, inamnyooshea Afrika mkono, na Afrika inaukataa. Siyakatai maelezo hayo. Lakini Aidoo ameweka humo mambo mawili ambayo usomaji huo hauwezi kuyameza. Kwanza, Sissie anapotafakari yaliyotokea anawakumbuka wasichana wa bweni la shule huko kwao, na jinsi mwalimu mkuu wa Kiingereza alivyowakemea. Kwa hiyo mguso wa Marija haukuwa kitu kilichozaliwa katika theluji ya Ujerumani. Pili, Sissie baadaye anagundua kwamba anaona raha kumwumiza Marija, na raha hiyo anaitambua kuwa ni ile ile ya mwanamume anayemtesa mwanamke. Mwandishi anayetaka ishara tu hahitaji kumtia mhusika wake mkuu doa kama hilo. Aidoo alikuwa amefika mlangoni. Hakuingia, kwa sababu macho ya kitabu ni ya Sissie, naye Marija hatuelezwi maisha yake ila kadiri yanavyomgusa Sissie.

Miaka 29 ikapita. Mwaka 2006 Aidoo huyo huyo alihariri mkusanyiko wa hadithi fupi za mapenzi kutoka Afrika, African Love Stories, na humo akaiweka hadithi ya “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko, mzaliwa wa Kitgum, Uganda. Mwaka uliofuata hadithi hiyo ikapata Tuzo ya Caine, nayo ikawa mara ya kwanza kwa mwandishi wa Uganda kuitwaa. Jambula ni nini? Ni lile tunda jeusi-jekundu linaloacha rangi ulimini, ambalo sisi twaliita zambarau. Mwenye kuviweka vitabu hivi viwili mezani pamoja hawezi kukosa kuona kwamba plamu ya Marija, tunda lililochumwa na kuletwa kama zawadi, imegeuka kuwa mti uliosimama ardhini, katika mtaa wa nyumba za serikali huko Nakawa, Kampala. Tunda huweza kuwa la mgeni; mti una mizizi mahali. Sidai kwamba Arac de Nyeko alikusudia kumjibu Aidoo. Nadai kwamba Aidoo, kwa kuichagua hadithi hii, alionyesha kuwa alijua mlango alioufikia mwaka 1977 ulikuwa bado wazi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Anyango anamwandikia Sanyu, ambaye anarudi kutoka London baada ya miaka mingi. Walipokuwa wasichana walikutwa pamoja chini ya mzambarau na Mama Atim, jirani asiyepitwa na neno. Mtaa mzima ukajua, Sanyu akapelekwa ng'ambo, Anyango akabaki. Habari za kurudi kwa Sanyu anazipata kwa Mama Atim yule yule. Hapa ndipo ilipo nguvu ya fani yake. Hadithi imesimuliwa kwa nafsi ya pili: kila sentensi inamwelekea Sanyu. Msomaji hakualikwa kuhukumu. Anasoma barua ya wenyewe kama mtu aliyeiokota. Anyango hana haja ya kumweleza Sanyu kwamba wao ni watu wa namna gani, kwa kuwa Sanyu anajua. Kwa hiyo jina lolote la kundi halihitajiki, na hoja yoyote ya kujitetea haina wa kuambiwa. Mama Atim ndiye mwenye majina. Wapenzi wana kumbukumbu za shule, maji machafu ya mtaani, akina mama wanaogombana, na mti.

Ukitoka hapo ukaenda kwenye riwaya ya Walking with Shadows ya Jude Dibia (2005), inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza Naijeria kumfanya mwanamume wa namna hii kuwa mhusika mkuu, utaona hasara ya njia nyingine. Naiheshimu kwa ujasiri wake. Lakini watu wake wanapozungumza mara nyingi nasikia wakili akiwa nyuma yao, na mazungumzo yanakwenda kama kesi ambayo mwandishi hataki kushindwa. Riwaya ya Chinelo Okparanta, Under the Udala Trees (2015), imefaulu zaidi. Ijeoma, mtoto wa Kiigbo, anampoteza baba yake katika vita vya Biafra, anapelekwa Nnewi, na huko anampenda Amina, msichana wa Kihausa. Mama yake anapojua anamkalisha chini kumfundisha Biblia, somo baada ya somo, na kurasa hizo ni bora kuliko zote kitabuni, maana mama si zimwi. Anampenda mwanawe na anaogopa, na Ijeoma anayasoma maandiko yale yale kwa maswali ya mtoto mwerevu. Ni kitabu kizuri hadi pale mwandishi anapoona lazima aongeze maelezo ya nje ya hadithi kuhusu sheria iliyotiwa saini Naijeria mwaka 2014. Habari hiyo ni ya kweli na ni nzito. Ila baada ya kuishi na Ijeoma miaka yote hiyo, sikuhitaji kuambiwa kwamba maisha yake yana maana. (Mti tena: udala, ambao katika hadithi unahusishwa na uzazi. Mtu angeweza kuandika makala nzima juu ya miti hii.)

Nimrudie mwanafunzi wangu, maana alipokwisha kusoma “Jambula Tree” alirudi na shida ambayo ni yetu kitaaluma. Alitaka kuihakiki kwa Kiswahili, na akakosa maneno. Tulikaa na kamusi. Msenge, basha, hanithi, msagaji: yote ni maneno ya Mama Atim. Hakuna hata moja ambalo Anyango angeweza kumwandikia Sanyu. Lile la “mapenzi ya jinsia moja” ni la gazeti na ofisi. Halitukani, lakini pia halipendi. Hapa mwanafunzi akaona jambo ambalo mimi, baada ya miaka yangu yote ya kufundisha sarufi, sikuwa nimelifikiria. Kiswahili hakina haja ya neno hilo, kwa sababu viwakilishi vyetu havina jinsia. “Alimpenda” haisemi ni nani aliyempenda nani. Mfasiri wa Maurice kwa Kiswahili angelazimika kuhangaika ili msomaji asisahau kwamba wote ni wanaume, ilhali Kiingereza kinamkumbusha katika kila mstari. Arac de Nyeko, akiandika kwa Kiingereza, alichagua nafsi ya pili, mahali ambapo lugha hiyo inanyamaza kama yetu.

Bahati hiyo ya lugha, hata hivyo, haijatumiwa. Katika riwaya za Kiswahili ninazosomesha, mtu wa namna hii ni kicheko cha barazani au onyo kwa vijana. Mwandishi mkubwa wa pwani yetu aliyewachora kwa uzito, Abdulrazak Gurnah, ameandika kwa Kiingereza: Hassan wa By the Sea (2001), kijana anayemfuata mfanyabiashara Hussein na kuiacha familia yake na jeraha, si ishara ya chochote. Lakini naye pia tunamwona kwa macho ya ndugu yake. Riwaya nyingine ya Gurnah, Paradise, imekwisha kupata tafsiri ya Kiswahili, Peponi, aliyoifanya Ida Hadjivayanis (2022), na ni matumaini yangu kwamba nyingine zitafuata.

Lipo neno moja ambalo halikuwa la Mama Atim tangu mwanzo. Wanawake wa Mombasa na Unguja huitana “shoga”, yaani rafiki wa kike wa mwanamke, mwandani wa siri na safari. Kamusi zetu zinayo maana hiyo, kisha zinaongeza ile nyingine ambayo sasa imelimeza neno lote barani. Wanuri Kahiu alipoigeuza “Jambula Tree” kuwa filamu ya Nairobi mwaka 2018 aliiita Rafiki. Ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Aprili mwaka huo, na Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu kuonyeshwa kwa siku saba. Jina lake lilikuwa la heshima na la kujihadhari. Lakini tukilipeleka pwani, kinywani mwa mwanamke anayemzungumzia mwanamke, tafsiri yake iliyo karibu ni lile neno ambalo hakuna mtayarishaji ambaye angethubutu kulibandika ukutani.

Rasimu ya sura ya tatu ya mwanafunzi wangu ina kiambatisho: tafsiri yake ya kurasa za mwanzo za hadithi. Pale Anyango anapomwita Sanyu, ameandika “shoga yangu”. Nilipoisoma mara ya kwanza niliandika pambizoni kwa kalamu ya risasi, “badilisha”. Wiki iliyopita, kabla ya kuirudisha kwake, nililifuta.