Tulivyozikagua STI Mbili

Mpwa wangu alinipigia simu usiku, shauri ameshalikata. Anataka Subaru Impreza WRX STI, ile ya milango mitano yenye chesisi ya GRB, na ameziona mbili hapa Dar es Salaam. Moja iko yadi, imeshuka kutoka Japani miezi michache iliyopita, na kilomita zake za Tanzania ni zile za kutoka bandarini tu. Nyingine ni ya mtu binafsi, imekaa nchini miaka 4, namba D, na bei yake iko chini kwa milioni 8. "Mjomba, ya yadi si ndiyo salama zaidi?" akauliza.

Angeniuliza kuhusu IST ya kwendea kazini ningemjibu papo hapo. Gari la spoti lenye turbo ni habari nyingine. Wiki moja ya kuendeshwa ovyo inaweza kuliumiza kuliko miaka 10 ya kuendeshwa kwa adabu, na maumivu hayo hukaa ndani ya injini, mahali ambapo rangi na dawa ya kung'arishia tairi havifiki. Kwa hiyo Jumamosi ile tulitoka kutafuta ushahidi. Wa gari la yadi uko Japani, kwenye karatasi. Wa gari la mtu uko hapahapa, kwa fundi wake, kwenye risiti zake na kwenye uso wake unapomwuliza. Ukienda yadi na maswali ya mwenye gari, au kwa mwenye gari na maswali ya yadi, utarudi nyumbani umefurahi na hakuna unachokijua.

Tulianza yadi. Nilimwambia mpwa wangu asiangalie bawa la nyuma wala nembo za rangi ya waridi, asome chesisi namba. Herufi hizo zinasema mengi kuliko muuzaji. GRB ni STI ya gia za mkono, gia 6, injini EJ20 ya sentimita za ujazo 1,994. Ikisomeka GRF, hiyo ni A-Line: kwa nje ni gari lilelile, ila ina gia za otomatiki na injini ya lita 2.5, ambayo pistoni zake zinajulikana kwa kukatika kingo zinazoshika ringi. Tofauti hiyo inafika hadi forodhani, maana ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini haizidi 2,000 ni asilimia 5, na ikizidi hapo ni asilimia 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Nimeshaona Impreza ya kawaida kabisa ikiwa imevishwa bawa na nembo, inauzwa kama STI. Lebo ya chesisi hailei uongo huo, wala breki za Brembo na kile kitufe, karibu na gia, kinachogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma.

Ya yadi ilikuwa GRB halali. Tukaomba karatasi ya mnada.

Hapa ndipo penye utajiri wote wa kununua yadi, na ndipo wanunuzi wengi wanapopita mbio. Gari linapoingia mnadani Japani, mkaguzi ambaye hana maslahi na muuzaji hulipatia alama. Alama ya 4.5 ni gari safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu yanayoonekana. R au RA ina maana kwamba liligongwa na likatengenezwa. Pembeni huchorwa umbo la gari, na kila jeraha huandikiwa herufi: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni bodi iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mchoro huo ni sawa na cheti cha daktari. Kijana wa yadi alituonyesha nakala kwenye simu, sehemu ya juu imekatwa. Hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo. Hata yeye alikuwa ameipokea hivyo. Tukaichukua chesisi namba, tukaagiza nakala kamili kwa ada ndogo. Ikaja na alama R, na XX kwenye fremu inayoshika rediata.

Mpwa wangu alitaka kuondoka palepale. Nilimzuia. R peke yake haitoshi kulikataa gari. Pigo dogo la mbele linaweza kufanya fremu ya rediata ibadilishwe bila kugusa mifupa ya bodi. Tulilala chini tukaangalia nguzo mbili za mbele za chesisi, zimenyooka, gundi ya kiwandani ipo. Kilomita kwenye dashibodi zilioana na hati ya kufuta usajili Japani, ambayo hubeba kilomita zilizosomwa kwenye shaken, ule ukaguzi wa lazima unaorudiwa kila miaka 2. Mpaka hapo gari la yadi lilikuwa limeshinda, maana hata kovu lake lilikuwa na maandishi.

Lililoniondolea amani lilikuwa chini ya boneti. Kuna mtu huko Japani alikuwa amebadilisha bomba la kuvutia hewa na kufunga valvu ya turbo inayopumulia nje, ile inayotoa mlio wa "pshh" ambao vijana wanaupenda. Injini ya STI ya soko la Japani hupangiwa petroli yao ya daraja la juu, inayokaribia okteni 100. Petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani hujitahidi kurudisha nyuma muda wa cheche ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati. Lakini mtu akishabadilisha njia ya hewa, na labda akabadilisha na ramani ya kompyuta kwa petroli ya kwao, injini hiyo ukiikandamiza barabara ya Bagamoyo inagonga, na kila pigo moja ni nyundo juu ya pistoni. Karatasi ya mnada haisemi ramani gani imo ndani. Aliyeiweka hatutampata.

Nikaomba mambo mawili: kuliwasha likiwa limelala baridi tangu usiku, na kupima kompresheni. Injini hii silinda zake zimelala ubavu, mbili kila upande, kwa hiyo kuzifikia plagi ni kazi ya saa moja na zaidi. Meneja akatabasamu. "Mzee, gari limetoka Japani juzi. Nikimfungulia huyu, kesho kila mtu atataka kufungua." Ninamwelewa, yeye ana magari 40 pale. Ila mimi nilikuwa nanunua moja.

Wengi hushikilia kwamba yadi kuna sheria ya kumlinda mnunuzi. Ni kweli, kwa sehemu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyotokana na ile ya Uingereza ya 1893, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora wa kuuzika, sharti ambalo mtu anayeuza gari lake mwenyewe halimbani hivyo. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukishakikagua kitu, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Ukilizunguka gari nusu saa, ukapiga tairi teke na kusaini kwamba umelichukua kama lilivyo, ulinzi ule umebaki mwembamba. Na kuna jambo jingine: magari mengi yaliyoegeshwa yadi ni ya watu binafsi, yadi inachukua kamisheni tu. Hapo unalipa bei ya yadi na kupata dhamana ya mtu usiyemwona. Uliza jina lililo kwenye kadi kabla hujauliza bei.

Jumapili saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa Tegeta kwa mwenye gari la pili. Tulikuwa tumemwomba kwa simu asiliwashe. Kitu cha kwanza nilichofanya, hata kabla ya chai aliyotukaribisha, ni kuweka kiganja juu ya boneti. Baridi kama jiwe. Mtu akilipasha moto gari kabla hujafika, anakuficha dakika mbili muhimu kuliko zote: moshi wa bluu wa oili inayopita kwenye turbo au ringi, na mlio mzito wa kugonga wa beringi za konrodi, ambao oili ikishapanda huweza kufifia.

Likawaka, likatulia. Mpwa wangu akaninong'oneza kwamba halina ule mlio wa Subaru, labda lina tatizo. La hasha. STI za Japani za baada ya 2003 zina turbo ya midomo pacha na mabomba ya ekzosi yenye urefu sawa, ndiyo maana hazitoi mlio huo kama zile za zamani, zile ambazo Colin McRae alishindia Safari Rally 1997 na Richard Burns 2000, na ambazo sauti zake bado zimo masikioni mwa watu wa rika langu. GRB inayotoa mlio huo imebadilishwa mabomba, na ningetaka kujua na nani.

Mwenye gari alitupa namba ya fundi wake bila kuombwa mara mbili. Fundi akaja mwenyewe na kipimo cha kompresheni. Tulipata paundi 152, 150, 153 na 147. Ile ya 147 ni silinda ya nne, ambayo kwa injini hizi ndiyo huumia kwanza, kwa hiyo niliifurahia zaidi kuliko zile tatu. Tofauti ilikuwa ndani ya asilimia 4. Oili, risiti zilionyesha ilibadilishwa kila kilomita 5,000. Ramani ya kompyuta ilirekebishwa hapa nchini kwa petroli yetu, na aliyeirekebisha anapokea simu.

Kasoro zilikuwepo. Klachi ilikuwa inateleza ukikanyaga mafuta kwenye gia ya nne, shokapu za nyuma zimechoka, na tairi zilikuwa na namba 2317, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tulizitaja mbele yake moja baada ya nyingine, naye akapunguza milioni 2. Kabla ya hela kutoka tulihakikisha jina la kadi ni la kwenye kitambulisho, tukaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki kutazama faini, tukaandikishana kwa wakili, kisha TRA kuhamisha umiliki. Dalali mmoja alijitokeza njiani akidai ni yeye aliyetukutanisha. Mwenye gari akamaliza naye.

Ingekuwa Nairobi tusingekuwa na yadi ya kulinganisha, kwa GRB walau. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na GRB ziliacha kutengenezwa 2014. Huko mtu akiitaka lazima aende kwa mwenye nayo.

Kadi ilipobadilika jina tulilipeleka gari gereji siku hiyohiyo. Klachi na tairi zingesubiri wiki. Nilitaka kuiona taimingi belti, ambayo kwenye EJ20 hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ikikatika valvu hukutana na pistoni. Risiti ya mwenye gari ilisema ilibadilishwa kwenye kilomita 97,000. Fundi akafungua kava, akamulika tochi. Maandishi meupe ya kiwandani yalikuwa bado yanasomeka mgongoni mwa belti, na pampu ya maji nayo ilikuwa mpya. Akarudishia kava, akafuta mikono, akamwambia mpwa wangu aliwashe.