Kadi, Kipaza na Kipokea: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Sauti

Mwalimu mmoja wa sekondari alituletea karatasi ya maelezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, akauliza kwa nini kifaa alichonunua kwa fedha chache za shule hakikuingia katika kompyuta yake mpakato. Alitaka wanafunzi wasikilize mazoezi ya matamshi kwa visikizi, maana sauti ya kompyuta hiyo ilikuwa na mvumo. Aliomba "kadi ya sauti", akapewa kadi kweli: bamba la kupachikwa ndani ya kompyuta ya mezani. Tumeisoma karatasi hiyo, nasi tumeona kwamba kosa si la mwalimu wala la muuzaji, bali ni la istilahi.

Tuanze na kadi. Kwa Mswahili, kadi ni ya harusi, ya kliniki au ya chama. Jina "kadi ya sauti" lilifuata umbo la mabamba ya zamani, kama Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989. Siku hizi mtambo wa sauti aghalabu umo katika bamba kuu la kompyuta, na kifaa cha nyongeza cha bei nafuu huweza kuwa kidogo kama kidole, kikachomekwa katika tundu la USB. Umbo limebadilika, lakini kazi ni ile ile: kuchukua sauti iliyohifadhiwa kwa tarakimu na kuigeuza umeme wa kutikisa visikizi.

La pili ni "kipaza sauti". Karatasi hiyo yalitumia neno hili kwa maikrofoni, kwa spika na kwa chombo cha kukuza sauti. Katika mkutano wa hadhara mkanganyiko huo haumdhuru mtu. Lakini kifaa hiki kina matundu mawili yanayofanana, mara nyingi la waridi kwa maikrofoni na la kijani kwa visikizi. Anayeambiwa achomeke "kipaza sauti" atachagua lipi?

La tatu ni "vipokea sauti" kwa maana ya visikizi. Hapa maana imepinduliwa. Visikizi hupokea umeme na kutoa sauti. Kinachopokea sauti ni maikrofoni.

Yapo pia mambo ambayo mfasiri aliyapita, ingawa ndiyo yanayomfaa mnunuzi mwenye fedha kidogo. Ukinzani wa tundu la kutolea sauti usizidi thumni, yaani sehemu moja ya nane, ya ukinzani wa visikizi: kwa visikizi vya omu 32, usizidi omu 4. Visikizi vya omu 250 kwa kawaida huhitaji volti nyingi zaidi, na kifaa kidogo huenda kisivitosheleze. Biti 16 na vipimo 44,100 kwa sekunde, kiwango cha sahani za CD tangu mwaka 1982, vyatosha kabisa kwa mazoezi ya matamshi. Tarakimu kubwa zaidi zilizopigwa chapa juu ya sanduku zisimshawishi mtu kuongeza fedha.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) "Kifaa cha sauti" kiwe jina la jumla, kikifuatwa na "cha ndani" au "cha nje". "Kadi ya sauti" ibaki kwa bamba peke yake.

(b) Katika maandishi ya kiufundi, "maikrofoni", "spika" na "kikuza sauti" vitenganishwe, na "kipaza sauti" kiachiwe mazungumzo ya kawaida.

(c) "Visikizi" vichukue nafasi ya "vipokea sauti".

Tulifikiria pia "kigeuza sauti", tukaliacha: msomaji angedhani ni chombo cha kumbadilishia mtu sauti yake.

Watakaosema kwamba mazoea hayavunjwi kwa waraka wana haki. Hata hivyo, afisa anayeandika orodha ya vifaa vya kununuliwa hana budi kueleweka mara ya kwanza, kwani fedha ikishatoka hairudi. Tunawaomba watafsiri na walimu watuletee maneno wanayoyatumia mafundi wa mahali pao, ili mapendekezo haya yapimwe kwa matumizi.